Ukuta Ulioingia Kwenye Makala

Nitaanza kwa kujisifu, maana nimengoja miaka mingi kupata sababu. Makala yangu imechapishwa katika jarida la elimu. Ni kurasa kumi na sita, ina majedwali mawili, na marejeleo yake niliyapanga mwenyewe, nukta kwa nukta, hadi macho yakawasha. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Kitale, wa madarasa ya chini kabisa. Katika chumba chetu cha walimu watu husoma gazeti, husoma barua za wizara, husoma simu zao. Hakuna aliyekuwa ameandika kitu cha kusomwa na watu asiowajua. Sasa jarida hilo liko mezani kwangu, na mtu akija kuazima chaki simpi haraka. Nangoja kwanza alione.

Lakini makala yenyewe ilinusurika chupuchupu. Sentensi moja fupi ilikaribia kuiua, na aliyeikamata sentensi hiyo hakuwa profesa wala mhariri. Alikuwa mama mkwe wangu, naye aliikamata akiwa jikoni.

Mama mkwe anaishi upande wa Kanduyi, pale mji wa Bungoma unapoanza. Alifundisha darasa la kwanza tangu alipoajiriwa hadi alipostaafu, na hakutaka darasa lingine. Walimu wakuu walimbembeleza achukue la nane, ambako ndiko kulikuwa na sifa, akakataa. Mke wangu alikuwa ameniambia kabla sijamwoa kwamba mtoto akipitia kwa mama yake anasoma kabla muhula wa pili haujaisha, nami nikachukulia kwamba ni mtu anasifu mamake. Baadaye nikaanza kukutana na wanafunzi wake wa zamani huku Kitale. Mmoja alikuwa mwalimu, mwingine afisa wa kilimo, mwingine anauza mbegu karibu na stendi. Wote waliniuliza kama mwalimu wao bado ana nguvu, na wote walimtaja huku wamekaa wima. Mimi wakati huo, mwezi wa Agosti ukiingia, bado nilikuwa na watoto wanaoshika kitabu juu chini. Nilipopata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili, sikuhangaika kutafuta mada.

Shida ilikuwa adabu. Mimi ni mtoto wa Kiminini, jirani na Kitale. Babu yangu alikuja Trans-Nzoia akitoka kule katikati ya nchi, na kwetu mama mkwe anakukalisha mezani, anakujazia sahani, anakuuliza mbona umekonda. Kwa wakwe zangu mambo ni tofauti. Mwanamume na mama wa mke wake hawapeani mkono, hawali pamoja, wala hawakai chumba kimoja wakatazamana. Siku hizi wengi wamelegeza, hasa walio mjini. Mama mkwe wangu, kiongozi wa akina mama kanisani na mwanamke mwenye miwani miwili, ya kusomea na ya kutembelea, hakuona kwa nini alegeze. Hiyo si chuki. Kila Krismasi hunitumia kuku, na kuku yule huletwa na mtu mwingine.

Kwa hiyo mahojiano yetu sita tuliyafanya hivi. Mimi nilikaa sebuleni, kwenye kiti kilichoupa mgongo mlango wa jikoni. Yeye alikaa jikoni kwenye stuli, nyuma ya ukuta unaotenga jikoni na sebule. Mlango ulikuwa wazi, na mke wangu aliweka simu ya kurekodi kizingitini, katikati yetu. Mimi nauliza, yeye anajibu, mke wangu anapita na chai akijizuia kucheka. Sikuwahi kumwona uso hata mara moja katika siku hizo sita. Kabla ya yote nilikuwa nimempelekea fomu ya ridhaa aisome na kutia sahihi. Ilirudi na sahihi, na makosa yangu mawili ya tahajia yamesahihishwa, na chini kabisa ameongeza sharti kwa mwandiko wake wa ubaoni: nisomewe kabla ya kwenda kuchapishwa.

Jarida lilitangaza toleo maalumu kuhusu kusoma katika madarasa ya chini, na miswada ilitakiwa ifike kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Niliyachapisha maagizo yao nikayabandika ndani ya mlango wa kabati langu la shule, karibu na rejista. Ikisiri isizidi kiasi fulani. Nafasi kati ya mistari iwe hivi. Na jambo lililonichukua wikendi nzima: majina yote yaondolewe, kwa sababu wasomaji wawili wa siri watapima kazi bila kujua ni ya nani. Nilijitafuta ndani ya maandishi yangu mwenyewe nikajifuta kila nilipojikuta. Shule nikaifuta, mji nikaufuta. Mama mkwe akabaki kuwa Mwalimu wa Kwanza, jina nililoliona lina heshima ya kutosha.

Msimamizi wangu wa chuo kikuu, mama mmoja asiyepoteza maneno, aliusoma mswada akaurudisha na swali moja tu kwenye sehemu ya matokeo. Aliuliza: huyu mwalimu anafanya nini hasa? Niliudhika. Nilikuwa nimeandika juu ya subira yake, juu ya nyimbo zake, juu ya kauli yake ya kila siku kwamba watoto kwanza wasikie ndipo waone. Kauli hiyo niliinukuu mara tatu na kuizungushia kurasa mbili za nadharia nzito. Moyoni nilijua swali lilikuwa la haki. Nilikuwa na maneno yake, na kazi yake sikuwa nayo.

Jumamosi iliyotangulia ile Ijumaa nilienda Kanduyi kutimiza sharti. Nilikaa kwenye kiti changu, yeye kwenye stuli yake, mke wangu mlangoni na karanga. Mswada niliuandika kwa Kiswahili, na ninakiri niliusoma kwa sauti ya kutaka kusifiwa. Utangulizi ulipita salama. Mapitio ya kazi za wengine yakapita, ingawa alikohoa mara mbili. Nikafika kwenye mbinu za utafiti, nikasoma: mahojiano ya ana kwa ana yalifanywa pamoja na mshiriki mara sita.

"Rudia hapo," sauti ikasema kutoka jikoni.

Nikarudia.

"Ana kwa ana ya nani na nani?"

"Ya mimi na wewe, Mama."

"Mimi na wewe tumeangaliana lini?"

Mke wangu aliacha kutafuna. Nikaeleza kwamba hiyo ni lugha ya utafiti, ndivyo inavyoandikwa, maana yake ni kwamba hatukutumia barua wala simu. Sikumwambia kwamba sentensi hiyo niliinyanyua nzima nzima kutoka kwenye mfano tuliopewa chuoni, bila hata kuifikiria.

"Mwalimu," akasema. Ndivyo anavyoniita. "Mimi nimefundisha watoto wa watu kwamba kitu kimeandikwa ni kitu kilikuwa. Sasa wewe unaandika kitu hakikuwa."

"Ni sentensi moja tu, Mama."

"Kama ni moja tu basi si uitoe."

Nikamwambia nikiandika habari ya ukuta, wale wasomaji wa siri wataona kazi hii ni ya mchezo. Hapo nikasikia karatasi ikikunjuliwa. Alikuwa ameiweka nakala yake ya fomu ya ridhaa.

"Hapa inasema mshiriki anaweza kujiondoa wakati wowote bila kutoa sababu. Hii ni wewe uliandika?"

"Ni mimi."

"Mimi sababu nitakupa. Ati nimekaa na mkwe wangu uso kwa uso siku sita. Watu wakisoma wataniuliza heshima niliacha wapi."

"Lakini jina lako halimo. Hakuna atakayejua."

"Watoto niliwafundisha wanajua maneno yangu. Wakisoma tu hapo kwa kwanza wasikie, watajua ni nani. Hiyo sentensi ikienda hivyo, maneno yangu yote utoe."

Nilikasirika, sitaficha. Maneno yake yote yakitoka, makala inabaki na marejeleo. Miaka miwili ya kazi na siku sita mbele, na mwanamke aliyestaafu ananifunga kwa fomu niliyoitunga mwenyewe. Niliaga kupitia ukuta kwa adabu zote, nikanuna hadi Kitale. Mke wangu aliniacha ninune, kisha akasema neno moja.

"Wewe pia, andika tu ukweli, bana. Ukuta ni ukuta."

Jumatatu, wakati wa mapumziko ya saa nne, nilimpigia msimamizi nikamweleza kila kitu. Nilitarajia anihurumie. Akasema nikiacha sentensi ilivyo hakuna atakayeniuliza chochote. Nikiandika ukuta, wataniuliza swali moja: kama hukumwona, ulijuaje anachofanya? "Andika ukuta," akasema, "lakini uwe na jibu." Akakata simu. Lilikuwa swali lake lile la kwanza, limerudi na nguo nyingine.

Jumanne, saa nane mchana, watoto walipotoka kwenda kucheza, nilijifungia katika stoo ya vitabu na simu yangu. Nilitaka kusikiliza rekodi zote tena, nipate angalau jinsi ya kuueleza huo ukuta. Kwenye karatasi nilizonukulia mahojiano nilikuwa nimeandika katika mabano, karibu kila ukurasa, maneno haya: kelele za jikoni. Nilizoea kuziruka. Siku hiyo, kwa kuwa nilichokuwa nikikitafuta ni ukuta wenyewe, sikuruka kitu.

Mahojiano ya pili. Sauti yake inasema, "Kwa mfano mtoto hajui kalamu. Mimi simwonyeshi kalamu." Halafu zikasikika: ko, ko, ko. Kimya kidogo. "Umeshika?" anauliza. Na sauti yangu, ya msomi, inajibu, "Naam, Mama, tuendelee." Nikarudisha nyuma. Ko, ko, ko. Nikasema mwenyewe mle stooni, polepole: ka, la, mu.

Nikaendelea. Akitaja baba, zinagongwa mbili. Akitaja kitabu, tatu. Akitaja mwalimu, tatu, na ya katikati ameigonga kwa nguvu. Halafu mahali fulani anasema, "Sasa naiba moja," anagonga mbili badala ya tatu, anauliza, "Imebaki nini?" Na mimi, Mungu anisamehe, nikajibu kwamba imebaki dakika kumi hivi, hatutamchosha.

Nilikaa juu ya maboksi ya vitabu, masikio yakiwa moto kwa aibu. Kwa siku sita mwanamke yule alikuwa amenifundisha somo lake lote kupitia ukutani, hatua kwa hatua, na mimi nilikuwa nimeandika kelele za jikoni. Kisha aibu ikapungua, na furaha niliyoipata sijawahi kuipata katika kazi hii. Matokeo yangu yote yalikuwa mle kwenye mabano. Nikampigia simu hapo hapo, maana kwa simu adabu haisumbui, hakuna uso.

"Mama, zile siku za mahojiano, ulikuwa unagonga na nini?"

"Mwiko."

"Ukutani?"

"Sasa ningegonga wapi, na wewe ulikuwa hiyo upande ingine?" Kisha akauliza: "Mwalimu. Ulifikiri nafanya nini?"

Ningeweza kudanganya, lakini nilikuwa nimechoka na hilo.

"Nilifikiri unapika."

"Siku sita," akasema, "saa nne ya asubuhi, na hukuletewa chakula. Nilikuwa napika nini?"

"Na wewe ulifikiri nafanya nini, Mama?"

"Nilifikiri unahesabu. Watoto wa miaka sita walikuwa wanahesabu."

Alicheka hapo, kicheko cha mtu aliyeshika mbavu, na nikajua nimesamehewa. Halafu akaeleza kwa utaratibu, nami nikaandika nyuma ya rejista. Darasani alikuwa akisimama nyuma ya watoto, wao wamefumba macho. Mtoto akiona mdomo wa mwalimu atafuata mdomo, na yeye alitaka wafuate sauti. Kwanza wasikie neno limegawanyika vipande, wavihesabu, aibe kimoja wamwambie kilichobaki. Siku wakishaweza hayo ndipo anapoandika ubaoni, na watoto wanaona kwa macho kitu ambacho tayari wanacho. Nikamwambia samahani kwamba ukuta ulituzuia kuyafanya haya vizuri.

"Ukuta ulizuia nini? Wewe ulikuwa umekaa vizuri kushinda wao. Wao walikuwa wanachungulia."

Jumatano na Alhamisi niliandika kuliko nilivyowahi kuandika. Sentensi ya ana kwa ana niliifuta, na mahali pake nikaweka aya nzima: nani alikaa wapi, kwa nini, na adabu gani iliyowaweka hapo. Kurasa mbili za nadharia nilizitoa bila huruma. Nikarudi kwenye rekodi zote sita nikanukuu kila pigo la mwiko kwa nukta, neno juu, nukta chini, na hapo ndipo jedwali la pili lilipozaliwa. Swali la msimamizi likapata jibu lake: nilijua anachofanya kwa sababu nilikaa pale pale wanafunzi wake walipokaa, nikasikia walichosikia. Tofauti ni kwamba wao walielewa mapema zaidi.

Alhamisi jioni, jua bado liko juu ya uwanja wa shule, nilimsomea mama mkwe kwa simu.

"Umeandika ukuta?" akauliza nilipomaliza.

"Nimeandika."

"Na mwiko?"

"Na mwiko."

"Na vile ulifikiri napika?"

Hilo sikuwa nimeliandika. Nilikuwa nimepita mbali nalo makusudi. Nikamwambia angoje, nikaongeza sentensi moja, nikaisoma: mtafiti alizichukulia sauti hizo kuwa shughuli za jikoni, na aligundua kosa lake aliposikiliza rekodi upya. Nimeandika sentensi nyingi maishani, na hiyo ndiyo iliyonigharimu zaidi. Sasa ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

"Basi peleka," akasema.

Ijumaa asubuhi niliituma nikiwa chumba cha walimu, mtandao ukisuasua, wenzangu wawili wakiangalia juu ya bega langu kana kwamba ni matokeo ya mtihani. Jumatatu iliyofuata nikaingia darasani na mwiko kutoka jikoni kwangu. Watoto walicheka hadi basi. Nikawaambia wafumbe macho, nikapita nyuma yao, nikagonga dawati. Kufikia Agosti ya mwaka uliofuata hakuna aliyeshika kitabu juu chini, na mwiko ule haujarudi jikoni hadi leo.

Majibu ya jarida yalichukua miezi. Msomaji mmoja wa siri alitaka nipunguze utangulizi na niongeze marejeleo. Wa pili aliandika kwamba sehemu nyingine zote nizikate nitakavyo, ila ile aya ya ukuta isiguswe, kwa kuwa makala yote imesimama juu yake. Niliisoma barua hiyo nimesimama kwenye ukumbi wa shule, na nikaisoma tena darasani, na nikampigia mke wangu nikamsomea, akaniambia nimeshamsomea. Nilikuwa na fahari, na sikuona sababu ya kuificha.

Jarida lilipotoka nilibeba nakala hadi Kanduyi. Mke wangu akaipeleka jikoni, nami nikakaa kwenye kiti changu, mgongo kwa mlango. Mama mkwe aliisoma kwa sauti kuanzia kichwa cha makala, akisimama kila penye nukta kama anavyotaka watoto wasimame. Kwenye aya ya ukuta alipunguza mwendo. Alipofika kwenye jedwali la pili, nyuma ya kichwa changu nikasikia ko, ko, ko. Nikafumba macho nikahesabu. Nikashukuru kwamba hanioni.

Baadaye mke wangu akanirudishia nakala. Ilikuwa imejaa wino mwekundu: alama za vyema moja baada ya nyingine pembeni, neno moja limezungushiwa duara, na juu kabisa, karibu na jina langu lililoruhusiwa hatimaye kurudi, ameandika tisa kwa kumi.

"Mama," nikauliza ukuta, "hiyo moja imeenda wapi?"

"Hiyo moja ni ya ana kwa ana," akajibu. "Niliikata tangu ile siku, na mimi sirudishi alama."

Nakala hiyo ndiyo iliyo mezani kwangu Kitale. Mtu akija kuazima chaki, namfungulia kwanza pale penye ile tisa.